Tupeane uzoefu: ni kisa gani cha Injili kilikushika wakati imani yako ilikuwa imepungua?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Shuhuda tulizozizoea ni za aina moja: niliomba, niliamini, nikapata. Sizipingi. Ila ukizisoma Injili taratibu, bila kuruka, unaona kwamba wengi waliomwendea Yesu hawakuwa na hiyo imani ya kupigiwa makofi. Walikuja wamechoka, wengine wakiwa na hasira, wengine kwa sababu tu mlango mwingine haukuwepo.

Mimi kisa changu ni cha yule baba wa Marko 9. Kijana wake ana pepo tangu utotoni, mara nyingi limemtupa motoni na majini. Amempeleka kwa wanafunzi, wameshindwa. Na badala ya mtu kumshughulikia mtoto, anakuta waandishi (walimu wa sheria) na wanafunzi wanajadiliana mbele ya umati. Fikiria umebeba mgonjwa halafu wataalamu wanabishana juu ya kichwa chake. Ndipo anamwambia Yesu, "ukiweza neno lo lote, utuhurumie." Yesu analidaka hilo "ukiweza" palepale. Baba anapaza sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Nimeisali sala hiyo miaka mingi kuliko sala nyingine yoyote. Nilianza pale nilipokuwa naongoza maombi ya wenzangu huku mwenyewe sina hakika kama kuna anayesikia. Kilichonishika ni kwamba Yesu hakumwambia akapunguze shaka kwanza ndipo arudi. Alimponya mtoto kwa hiyo hiyo imani ya nusu.

Sasa leteni vyenu. Kisa, na kilikukuta wapi. Tusihubiriane tafadhali, Jumapili ipo.

Mama Watatu

Jairo, yule mkuu wa sinagogi. Marko 5.

Kila mtu akihubiri sura hiyo anamhubiri mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, na ni haki yake. Mimi nilikuja kuisoma nikiwa kwenye benchi la korido, faili kwapani, mwanangu amelala mapajani anapumua kwa shida, na muuguzi amepita na mgonjwa mwingine aliyekuja nyuma yetu. Nilimchukia yule mgonjwa. Sikumjua hata sura.

Usiku ule nikamwona Jairo. Binti yake yu katika kufa, Yesu amekubali kwenda naye, wako njiani. Halafu Yesu anasimama kuuliza nani amegusa vazi lake! Na yule mama anaeleza habari yake yote. Yote jamani, ya miaka 12. Jairo amesimama hapo. Marko hajaandika hata neno moja alilosema Jairo katika kusubiri huko. Kabla maongezi hayajaisha wanafika watu kutoka nyumbani kwake: "Binti yako amekwisha kufa, kwani kuzidi kumsumbua mwalimu?"

Yesu anamwambia, "Usiogope, amini tu." Zamani niliyaona hayo ni maneno mepesi. Kwenye benchi nikaona mahali yaliposemwa: baada ya taarifa ya msiba, njiani, nyumbani hawajafika. Jairo anaambiwa aendelee kutembea.

Mwanangu alipona. Lakini siweki hilo kama uthibitisho, maana benchi lile lile lilikuwa na mama mwingine ambaye wake hakupona, na aliomba kunizidi.

Mgeni wa Zamani

Kipofu wa Bethsaida, Marko 8. Yupo kwa Marko peke yake, wengine hawakumwandika. Yesu anamwekea mikono, anamwuliza kama anaona kitu, naye anajibu anaona watu kama miti, inakwenda. Ndipo anawekewa mikono mara ya pili.

Nilibatizwa nikiwa mtu mzima. Kila mtu alinisubiri niwe nimebadilika jioni ile ile. Ndani yangu watu walikuwa bado miti. Ninachompendea huyu bwana ni kwamba alisema ukweli. Angeweza kusema "naona, asante" ili asimwaibishe Mwalimu mbele ya watu, na angeenda nyumbani na macho ya nusu.

Mbishi wa Benchi la Nyuma

Naomba nivuruge kidogo. Uzi mzuri, ila nauona unakoelekea, na kuna wagonjwa wanausoma.

Nina ugonjwa usioisha. Nimeombewa na watu wengi wenye nia njema, na wapo walioniambia usoni kwamba kinachonizuia ni imani yangu ndogo. Mmoja aliniambia nikiwa nimelala, sina hata nguvu ya kukaa nimjibu. Kwa hiyo naleta kisa ambacho hakipendwi: Yohana 5, birika la Bethzatha, lenye matao matano, ambapo wagonjwa walingoja maji yatibuliwe ili wapone.

Yule mtu ana miaka 38 katika ugonjwa. Yesu anamwuliza, "Wataka kuwa mzima?" Angalia jibu. Hasemi ndiyo. Hasemi naamini. Analalamika: hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila akijaribu mwingine anashuka mbele yake. Anaambiwa ajitwike godoro lake aende, na anakwenda. Akiulizwa baadaye ni nani aliyemponya, hajui! Hajui hata jina. Imani ya kupimwa kwa kipimo gani hapo?

Sasa wekeni na wale wanne wa Marko 2, waliotoboa dari kule Kapernaumu wakamteremsha mwenye kupooza. Imeandikwa Yesu alipoiona imani *yao*. Mgonjwa mwenyewe hatujui alikuwa anaamini nini, pengine alikuwa anaogopa kuanguka tu. Na Yohana 9, wanafunzi wanapouliza kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi ya nani, Yesu anajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Mimi sijapona. Nimepata wanne wa kunibeba, na hao nawashukuru zaidi ya walionipima imani.

Mzee wa Zamu

Mbishi, nakuheshimu ndugu yangu, na pole sana. Lakini Nazareti, kwao Yesu, utaiweka wapi? Marko 6 inasema hakuweza kufanya mwujiza wowote huko, akastaajabu kwa sababu ya kutokuamini kwao. Neno lipo.

Mbishi wa Benchi la Nyuma

Shikamoo mzee. Lipo, na endelea na mstari huo huo: isipokuwa aliweka mikono yake juu ya wagonjwa wachache, akawaponya. Yaani hata Nazareti wapo wagonjwa waliopona. Waliokuwa na kutokuamini ni wenyeji waliochukizwa, wale wa "huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu?" Watu wazima wa afya, wamekaa sinagogi. Lawama ile haikuwa ya mtu aliye kitandani.

Mzee wa Zamu

Marahaba. Hapo umenipa kazi ya kwenda kusoma upya. Sikubali yote, lakini wagonjwa umewatetea.

Shemasi Mama

Mimi ni mjane. Kisa changu Yohana 11, na naomba nikae nacho kidogo.

Mume wangu alipofariki nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia aliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Sikuwa na ubishi nao, ndivyo tunavyosema tukikosa la kusema. Ila nilikuwa na maneno mengine kifuani na nikaona ni dhambi kuyatoa.

Martha aliyatoa. Ndugu yake, Lazaro, ana siku 4 kaburini. Yesu alipata habari ya ugonjwa mapema, akakaa siku 2 palepale alipokuwa. Bethania haiko mbali na Yerusalemu, kwa hiyo waombolezaji wamejaa nyumbani, kila mtu anajua nani ameitwa na nani hakutokea. Martha anatoka kumlaki njiani na jambo la kwanza kinywani ni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hakuanza na salamu.

Baadaye anakuja Mariamu na kusema maneno hayo hayo. Ina maana walikuwa wakiambiana usiku kucha wale dada wawili. Lakini hawajibiwi sawa. Martha anapewa mafundisho: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mariamu hapewi fundisho, Yesu analia machozi. Kwa muda mrefu nilitaka niwe Mariamu. Nilitaka mtu alie na mimi, nilikuwa na watu wa kunifundisha wa kutosha. Siku hizi naelewa Martha naye alikuwa na lake, maana yeye ndiye aliyekuwa na kichwa cha kuuliza.

Na kuna jambo huwa halisemwi: Martha anakiri pale kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, kukiri kukubwa kabisa. Dakika chache mbele, wanapotaka kuliondoa jiwe, huyo huyo Martha anasema, Bwana, ananuka sasa. Alikiri kwa moyo wote na pua yake ikaendelea kufanya kazi. Nilicheka niliposoma, kicheko cha kwanza tangu mazishi, na binti yangu akaja mlangoni kuona kulikoni.

Wangu hakutoka kaburini kama Lazaro. Na Lazaro naye alikufa tena baadaye, hilo tulijue. Sala yangu sasa huanza na lawama, ndipo shukrani ifuate, na sioni kwamba nimekatazwa.

Mtoa mada

Shemasi Mama, asante. Nimelisoma mara mbili hilo la pua.

Njia Panda

Emau, Luka 24: wafuasi wawili njiani kwenda kijiji hicho, Yesu ameshasulubiwa. "Nasi tulikuwa tukitumaini." Mimi niliacha kusali kabisa, sikugombana na mtu, nilichoka tu. Wale wawili hawakuwa wakimtafuta Yesu, walikuwa wakiondoka Yerusalemu, na habari za kaburi tupu walishazisikia kwa wanawake. Yesu akatembea nao njia ile ile waliyokuwa wanaondokea. Sina la zaidi, bado natembea.

Kaka Mkubwa

Nimesita kuandika. Luka 15, yule mwana mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu: mdogo alitapanya mali, akarudi, baba akamfanyia karamu.

Nilibaki nyumbani kuwauguza wazazi. Mdogo wangu alitoweka miaka, hana simu, hana salamu. Aliporudi baba alifurahi kama hajawahi kuugua. Watu wa kanisani wakasema ni mwana mpotevu huyo, na wakanitazama mimi nicheke. Ukweli ni kwamba katika mfano ule kila mhubiri ananifanya mimi kuwa mbaya. Huyu mtu ametoka shamba! Anasikia ngoma na kuimba, inabidi amwulize mtumishi kuna nini. Hakuna aliyekumbuka kumtuma mtu amwite. Mimi naona ana hoja.

Kilichonigeuza ni mstari ambao niliupita mara nyingi: babaye alitoka nje, akamsihi. Baba alitoka mara mbili siku ile. Mara ya kwanza alimkimbilia mdogo, mara ya pili aliacha karamu akaja nje kwa mkubwa. Na mkubwa anasema "huyu mwana wako", baba anamrekebisha bila kumfokea, "huyu ndugu yako". Na hapo ndipo mfano unakatika. Luka hasemi kama aliingia.

Mama Watatu

Na wewe kaka, uliingia?

Kaka Mkubwa

Niliingia dada, kwa kuchelewa. Si kwamba nilimsamehe kwanza, nilimwonea huruma baba aliyesimama nje na afya yake ile. Na mdogo wangu tunazungumza, ingawa ni zaidi habari za dawa za baba na nani atampeleka kliniki. Jumapili iliyopita alimpeleka yeye, nikalala hadi mchana. La shamba bado hatujaligusa.