Wakuu, mbona kipindupindu hakihamii Masaki?

Mpangaji wa Uani:
Habari za jioni wakuu. Huku Tandale, Dar es Salaam, mvua zikianza tu, gari la matangazo linapita: chemsheni maji, naweni mikono. Sawa. Ila nyumba yetu ina vyumba vinane na choo kimoja cha shimo, maji tunanunua mia mbili dumu la lita 20, na mkaa wenyewe wa kupima kwa kopo. Kweli sisi ni wachafu kuliko matajiri wa Masaki?

Kijana wa Sinza:
Mia mbili nayo inakushinda, mkuu? Uchafu ni tabia.

Bwana Afya Mstaafu:
Kijana, piga hesabu kwanza. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa bei hiyo ni shilingi 10,000. Mwenye bomba lake halipi hata nusu. Hapo nani ataona uchungu kunawa kila mara?

Mleta mada, nimefanya kazi Kinondoni, wilaya yenu hiyo hiyo. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia huko kabla ya kusambaa mikoani. Tukifika kwa mgonjwa, mimi nilikuwa natazama choo na kisima vimeachana hatua ngapi. Huko kwenu ukichimba kidogo tu unakuta maji, kwa hiyo shimo ni fupi na linajaa upesi. Gari la kunyonya haliingii uchochoroni. Mwenye nyumba anavizia mvua kubwa ya usiku, anatapisha choo, mzigo unakwenda na mafuriko hadi kwa jirani. Mtu akishameza vimelea, ni saa chache hadi siku tano, anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele.

Kidonge cha klorini cha kutia kwenye maji ni nafuu kuliko mkaa, ulizeni zahanati. Na wapo vijana wenye pampu ya mkono na guta, wananyonya kidogo kidogo. Changishaneni kabla ya masika.

Mama Ntilie wa Manzese:
Mzee, umesema kweli tupu. Lakini choo ni cha mwenye nyumba, kwa nini achange mpangaji? Na ukimsemea kwa mjumbe, wiki ijayo unaambiwa chumba kina mtu.

Bwana Afya Mstaafu:
Ndiyo maana nasema msiende mmoja mmoja, mwanangu. Vyumba vyote vinane viende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa, na bwana afya wa kata awepo.

Mpangaji wa Uani:
Shikamoo mzee. Wawili kati yetu ni wadogo zake mwenye nyumba, ila ukiwatoa hao tunabaki saba, tunaweza. Jumapili nitawagongea milango.

Kijana wa Sinza:
Vinane toa viwili ni sita, mkuu.