Wakuu msaada: virt-install inafika "Escape character is ^]" halafu kimya

Kijana wa Hesabu
Habari za usiku wakuu. Naomba msaada wa haraka, matusi baadaye. Natengeneza VM (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine) kwenye seva ya Ubuntu kwa komandi. Nimeandika hivi:

`virt-install --name hesabu --memory 6144 --vcpus 2 --disk size=40 --cdrom /var/lib/libvirt/images/ubuntu-22.04.iso --os-variant ubuntu22.04 --graphics none`

Inaanza vizuri, inaandika "Escape character is ^]", halafu basi. Hakuna menyu, hakuna herufi. Taa ya diski inawaka na kuzima kwa kasi, kwa hiyo ndani kuna kitu kinaendelea. Nisubiri au niizime? Pia mnielekeze kutengeneza br0 (daraja la kuiunganisha VM na mtandao wa ofisi) kwa netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu), nataka iwe tayari usiku huu huu. Nawasilisha.

Ngoja Waje
Nimekaa pale. Wataalamu wakifika mniamshe.

Mtemi wa Nkuhungu
Mkuu unajitesa bure. Weka VirtualBox, bofya mbele, mbele, maliza. Mambo ya skrini nyeusi waachie watu wenye muda. Halafu umelipwa? Nauliza kwa sababu niliwahi kufunga kompyuta za ofisi moja Area D, wakanipa nusu, nusu ya pili bado "inashughulikiwa". Kazi ya kompyuta bila malipo ya kwanza ni sadaka.

Binti Mpwapwa
Mtemi, hata VirtualBox ina komandi zake, VBoxManage. Jibu swali la mtu.

Fundi Kimya
Haijaganda. Umeweka `--graphics none`, lakini ISO (faili la usakinishaji) ukiiwasha kwa `--cdrom` haijui kuandika kwenye konsoli ya maandishi. Programu ya usakinishaji inakusubiri kwenye skrini ambayo haipo. Hata virt-install yenyewe hutoa onyo hilo mwanzoni, ila watu hawasomi. Toka kwa Ctrl na ], kisha `virsh destroy hesabu`, `virsh undefine hesabu`, ufute hesabu.qcow2 kwa mkono. Anza upya hivi:

`virt-install --name hesabu --memory 3072 --vcpus 2 --disk size=40 --location /var/lib/libvirt/images/ubuntu-22.04.iso,kernel=casper/vmlinuz,initrd=casper/initrd --extra-args 'console=ttyS0' --os-variant ubuntu22.04 --graphics none`

`--extra-args` inakubali kwenye `--location` tu, usiichanganye na `--cdrom`.

Kijana wa Hesabu
Kaka hiyo destroy inanitisha. Haitagusa vitu vingine kwenye seva?

Fundi Kimya
Ni sawa na kuchomoa waya wa umeme wa hiyo VM. Diski yake inabaki, ndiyo maana nimekwambia uifute mwenyewe. Vitu vingine vipi?

Kijana wa Hesabu
Vya kawaida tu. Tuendelee na br0.

Binti Mpwapwa
Hapana, hatuendelei. Seva ina RAM ngapi? Na br0 ya nini? Mtandao wa default (ule wa ndani ya seva) unakupa IP za 192.168.122.x na VM inatoka intaneti bila shida.

Kijana wa Hesabu
RAM ni GB 8. Br0 kwa sababu kompyuta za ofisi lazima ziifikie VM, na kwenye default haziioni.

Binti Mpwapwa
GB 8, halafu VM umeipa 6. Na hizo kompyuta za ofisi sasa hivi zinatumia nini?

Kijana wa Hesabu
Zinatumia programu ya zamani.

Binti Mpwapwa
Iliyoko wapi?

Kijana wa Hesabu
Kwenye seva hiyo hiyo dada. Sawa, niseme. Ni ya chama cha wakulima wa alizeti, akiba na mikopo, ofisi iko Makole, Dodoma. Inafanya kazi kila siku ila leo ni Jumamosi, hakuna mtu. Programu ya zamani haikubali toleo jipya la Ubuntu, kwa hiyo VM ndiyo njia sahihi, hapo hamtanibadilisha. Seva mpya kamati haijapitisha hela. Mwenyekiti nimeshamwambia Jumatatu saa mbili asubuhi wataona mfumo mpya. Na mimi niko Kondoa kwenye harusi ya binamu, naiendesha seva kwa mbali, natumia SSH kwa simu.

Ngoja Waje
Nimeamka mwenyewe.

Mja wa Mola
Kijana, hizo ni fedha za watu wanaolima kwa jembe la mkono wakiomba mvua. Unazichezea kwa simu, tena harusini! Amana ni deni. Zima simu, kawape maharusi mkono.

Fundi Kimya
Mahubiri pembeni kwanza. Mkuu, usiguse netplan usiku huu. Kutengeneza br0 ni kuhamisha IP (anwani ya seva) kutoka kwenye kadi ya mtandao kwenda kwenye daraja. Nafasi moja ikikosewa kwenye faili la mipangilio (YAML), SSH inakatika na wewe uko kilomita zaidi ya 100.

Kijana wa Hesabu
Nitatumia `netplan try`. Nisipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudi yenyewe.

Fundi Kimya
Inarudi, ila ukiongeza vigezo vya ziada kwenye daraja inakwambia haiwezi kuvirudisha. Mimi nisingeweka pesa za watu hapo. Halafu RAM: ikiisha, kernel (kiini cha mfumo) inachagua programu ya kuua, na kinachokula nyingi ndicho hulengwa. Hapo ni VM yako au hifadhidata ya mikopo. Umefanya bakapu?

Kijana wa Hesabu
Bakapu ipo.

Binti Mpwapwa
Ya lini? Iko wapi?

Kijana wa Hesabu
Iko kwenye diski ile ile, folda nyingine.

Mtemi wa Nkuhungu
😂😂 Folda nyingine! Sasa nimeelewa kwa nini swali langu la malipo hukulijibu.

Muonja Chai
Wakuu, hii ni chai na sukari imezidi. Bandiko la kwanza anaona taa ya diski inawaka na kuzima. Bandiko lingine yuko Kondoa harusini. Taa ya Makole unaionaje ukiwa Kondoa? Huyu ni mwanafunzi ana asaimenti, hadithi kaitunga mtumalizie kazi. Modereta funga uzi.

Kijana wa Hesabu
Naiona kwa simu ya video, mlinzi ananishikia. Seva iko stoo, juu ya kreti mbili za soda, nimeifunika kitenge kuzuia vumbi. Kaifunua kidogo nikaona taa.

Muonja Chai
Mlinzi! Kama uko Kondoa kweli, michoro ya miambani ya Kolo iko upande gani?

Kijana wa Hesabu
Kaskazini, barabara ya Babati.

Muonja Chai
Hiyo ni urithi wa dunia tangu 2006, hata aliyeko Mtwara anaijua.

Zabibu Chungu
Mimi nimeoa Kondoa, acheni kuusingizia mji. Kijana, harusi iko mtaa gani? Kama kuna pilau nije.

Binti Mpwapwa
Awe mwanafunzi, awe nani, mimi kinachonisumbua ni kitenge. Seva inavuta hewa wapi? Mwambie mlinzi akitoe chote.

Fundi Kimya
Chai au si chai, br0 huihitaji. Tumia macvtap, yaani VM inapita moja kwa moja kwenye kadi ya mtandao ya seva, haigusi mipangilio ya seva. Ongeza kwenye ile komandi:

`--network type=direct,source=eno1,source_mode=bridge --network network=default`

Badilisha eno1 uweke jina la kadi yako, na iwe ya waya, kwa WiFi haitakubali. Kadi ya kwanza inachukua IP ya ofisi, kompyuta zote zitaiona. Kasoro yake, seva na VM hazitaongea kupitia njia hiyo, ndiyo maana nimeweka kadi ya pili ya default. Data za zamani utazivuta kupitia hapo.

Kijana wa Hesabu
Hii sikuijua. Nimeendesha, menyu ya lugha imetokea kwa maandishi! Ila RAM nimeweka 4096, chini ya hapo sishuki, mfumo mpya unaitaka.

Fundi Kimya
Lete `free -h`, tuone RAM iliyobaki.

Kijana wa Hesabu
Iliyobaki ni 1.4Gi.

Fundi Kimya
Kwa Jumamosi inatosha. Jumatatu makarani wakiingia utaniambia. Na leo nakili ile bakapu itoke kwenye hiyo mashine kabla hujahamisha data yoyote. Ukimaliza kusakinisha, `virsh autostart hesabu`, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, seva itawaka na VM italala.

Zabibu Chungu
Mnazungumzia umeme? Makole giza tangu saa tatu.

Kijana wa Hesabu
Makole ipi? Mimi SSH bado inaandika, usakinishaji uko nusu.

Muonja Chai
Saa hizi ni saa nne kasoro. Mtaa mzima giza, SSH yako inaandika. Endeleeni kunywa.

Kijana wa Hesabu
Kuna UPS, betri ya akiba, jamani! Na mlinzi hapokei.

Muonja Chai
Naomba picha ya UPS.