MREJESHO: Ile sindano iliyokuwa "inasukumwa" bila kuguswa

Wakuu, salamu kutoka Njiro, Arusha. Niliuliza kwa nini sindano yangu ya majaribio ya roboti ya upasuaji, yenye nyuzi tatu za faiba (nyuzi za kioo za kupitisha mwanga) zenye greti za Bragg (alama ndogo ndani ya faiba zinazorudisha wimbi moja la mwanga, ambalo husogea faiba ikivutwa, ikibanwa au ikipata joto), inaonyesha inasukumwa kila jioni, ikiwa imelala tu mezani. Mliosema ni baridi, mlipatia.

Nilichovya ncha kwenye kikombe cha chai ya rangi. Ikasema inavutwa! Chai ilivyopoa, mvuto nao ukapungua. Kwenye nanomita 1550, nyuzi joto moja husogeza urefu wa wimbi linalorudishwa na faiba tupu kama pikomita 10, sawa na kuvutwa kwa maikrostreini 8 hivi (sehemu 8 kwa milioni za urefu wake). Umbo la sindano halikusumbua sana: kupinda nakupata kwa tofauti ya nyuzi tatu, na joto huzigusa zote sawa, hivyo linajifuta. Msukumo wa kwenye ncha, ninaousoma kwa wastani wa nyuzi zote, ndio ulionidanganya.

Nimeongeza greti ya nne, imelegea ndani ya kibomba chembamba, haina gundi. Inasoma joto tu, nalitoa kwenye hesabu. Kikombe sasa hakinidanganyi.

Gundi ya kushikiza faiba kwenye sindano bado inanitesa. Juzi ilibanduka, faiba ikakatika kama tambi mbichi. Mlioshauri epoksi, soda yenu ipo.