Land Cruiser 79 inatetemeka mbele baada ya kufungwa tairi za 285/75R16: nianzie wapi?

Msafiri wa Karatu

Habari zenu wakuu. Ninaomba msaada kuhusu Land Cruiser 79 ya mwaka 2004, injini ya 1HZ, ninayoitumia kwa kazi kati ya Arusha na Karatu, na mara nyingi ninaingia nayo porini. Mwezi uliopita niliondoa tairi za 265/70R16 nikafunga za matope za 285/75R16 kwenye ringi mpya za alumini, na siku hiyo hiyo springi zikabadilishwa ili gari lipande kwa inchi 2. Kabla ya hapo usukani ulikuwa umetulia kabisa. Sasa nikifika kilomita 85 kwa saa unaanza kutetemeka, kwenye 95 unazidi, na nikiongeza mwendo unapungua.

Kilichonitisha zaidi ni cha juzi. Nikitoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, gurudumu la kushoto liligonga kiraka cha lami nikiwa kwenye 65 hivi, na sehemu yote ya mbele ikaanza kujitupa kushoto na kulia kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona. Usukani ulinipiga vidole gumba, na hali hiyo haikukoma mpaka mwendo uliposhuka chini ya 30. Balansi imerudiwa mara tatu katika gereji mbili tofauti. Fundi wa mwisho ananishauri nifunge dampa ya usukani (shokapu ndogo inayotuliza usukani) iliyo ngumu zaidi. Je, ni sahihi?

Fundi wa Ekseli, Moshi

Pole sana mkuu. Dampa usiinunue kwanza, kwa sababu itaficha ugonjwa bila kuutibu, na siku itakapochoka utarudi palepale ukiwa na beringi zilizoharibika zaidi.

Kwa maelezo yako, gari lina matatizo mawili, na mafundi wako wameyachanganya. Mtetemo unaoanza kwenye 85 na kupungua ukiongeza mwendo ni wa gurudumu lenyewe: balansi, tairi isiyo duara kamili, au ringi isiyokaa katikati ya habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ule mtikisiko ulioanzishwa na kiraka, ambao haukomi mpaka upunguze mwendo, ni wa ulegevu katika ekseli ya mbele. Tairi za zamani zilikuwa nyepesi, hivyo ulegevu huo ulikuwepo bila kujionyesha. Tairi ya 285/75R16 ina kipenyo cha milimita 834 hivi, wakati ile ya awali ilikuwa na 777, na uzito ulioongezeka uko mbali na kitovu, kwa hiyo kila kinacholegea sasa kinasukumwa kwa nguvu zaidi.

Fanya hivi. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi, kisha lishike juu na chini ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku wewe ukiendelea. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, shuku beringi za kingpini, zile mbili zilizo juu na chini ya nakali, yaani kifundo kinachogeuka pamoja na gurudumu unapokata kona. Ukilishika kushoto na kulia likacheza, angalia tairodi endi, viungo vya ncha za fito za usukani. Baada ya hapo lishushe gari chini, injini ikiwa inawaka, mtu azungushe usukani kidogo kidogo huku na huku wakati wewe umelala chini ukitazama ncha mbili za rodi ya Panhard, fito ya kukingama inayounganisha ekseli na chesisi. Bushi zake hazitakiwi kuonyesha mwendo wowote kwenye bolti. Gari hili lina ekseli nzima na springi za koili, na rodi hiyo peke yake ndiyo inayoizuia ekseli isihame upande.

Dereva wa Namanga

Naungana na fundi, ila ondoa kwanza shaka ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), kwa kuwa gari limeinuliwa na pembe za propela zimebadilika. Hakikisha habu za mbele umezifungua, yaani magurudumu ya mbele yameachana na shafti zake, kisha endesha kwenye mwendo ule ule. Habu zikiwa wazi propela ya mbele haizunguki, kwa hiyo mtetemo ukibaki, hautoki huko. Hata hisia ya mkononi inasaidia: kwenye kilomita 90 kwa saa tairi yako inazunguka mara tisa au kumi kwa sekunde, mapigo ambayo mkono unakaribia kuyahesabu, lakini propela inazunguka takribani mara nne zaidi, nayo huvuma sakafuni kama nyuki.

Vilevile hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, umempata mkosaji. Na spidi unayoisoma si ya kweli tena. Dashibodi ikionyesha 85 unakimbia zaidi ya 90.

Msafiri wa Karatu

Ninawashukuru sana, kaka zangu. Propela haikuwa na tatizo. Gurudumu la kushoto lilicheza juu na chini hata breki ikiwa imekanyagwa. Tulipofungua nakali, grisi ilikuwa ya kijivu, imechanganyika na maji, na kwenye kikombe cha beringi ya chini kulikuwa na mistari iliyochimbika, mmoja kwa kila kijiti. Ukipitisha ukucha unakwama. Tumeweka beringi mpya na sili mpya.

Ringi nazo zilikuwa na tundu la kati pana kuliko habu, na nati zilikazwa kwa mashine gari likiwa chini. Tulizikaza upya gurudumu likiwa juu, kwa mkono, tukivuka kutoka nati moja kwenda ya upande wa pili, na mtetemo wa 95 umetoweka. Kilichobaki ni kwamba usukani haurudi wenyewe katikati baada ya kona.

Fundi wa Ekseli, Moshi

Hiyo ni kasta, mkuu, yaani mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Springi za inchi 2 zimeizungusha ekseli, na pembe ya kasta imepungua. Waambie wanaofanya alaimenti wakupe kipimo cha kasta ya kila upande kwa maandishi, wasiishie kwenye kurekebisha tairodi tu. Kisha nunua bushi za radiasi amu (mikono inayoishikilia ekseli kwenye chesisi) zilizotobolewa nje ya katikati, zinazorudisha digrii zilizopotea.

Nakali ya kulia nayo ifunguliwe kabla hujaingia tena porini, maana imevuka maji yale yale. Nati za ringi zikaze tena baada ya kilomita 100.