BRNO .22 imeanza kutawanya risasi mita 50 tangu mvua zianze, nianzie wapi?

Mkorosho_Nachingwea
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa wanaozijua bunduki za .22, hizi ambazo pini hugonga ukingo wa ganda. Yangu ni BRNO Model 2 ya boliti, kitako cha mbao, leseni ipo. Kiangazi ilikuwa inaweka risasi tano ndani ya milimita 25 kwa mita 50. Tangu mvua za Desemba imefika 60 mpaka 70, tena zinajigawa makundi mawili: moja katikati, jingine juu kulia. Risasi zilizobaki ni za aina mbili, za mwendo wa kawaida na za kasi. Darubini ni 3-9x40 (inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40), ilitolewa kwenye bunduki kubwa. Nina msasa, bisibisi na gundi ya epoksi. Nilikuwa nafikiria kupunguza ubao unaogusa mtutu, halafu nilegeze triga. Nianze na lipi?

Fundi_Masasi
Mkuu, weka msasa chini kwanza. Ubao ukishaondoka haurudi, na bado hujajua kosa liko wapi.

Anza na risasi. Za mwendo wa kawaida hutoka kwenye mtutu kwa mita 325 hadi 330 hivi kwa sekunde, za kasi hufika karibu 380. Kwa mita 50 ya kasi huwahi kufika, kwa hiyo inashuka kidogo, inagonga sentimita 2 na nusu hivi juu ya mwenzake. Ukizichanganya kwenye shabaha moja lazima upate makundi mawili, moja juu ya jingine. Hapo sehemu ya "juu" imeshajieleza. Ya "kulia" tutaitafuta kwingine.

Chagua za mwendo wa kawaida. Ya kasi huanza juu ya kasi ya sauti, ikipungua inapita katikati ya msukosuko wa mpaka ule na kuyumba. Tena upepo wa ubavuni huisukuma zaidi kuliko ile ya polepole, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione kwenye karatasi. Ukinunua, soma namba ya toleo kwenye boksi na uchukue maboksi ya namba moja. Chapa ni ile ile, lakini toleo jingine linaweza kupiga tofauti kabisa.

Kila aina ya risasi ina nta yake inayobaki ndani ya mtutu. Ukibadilisha aina, piga kama 15 za kuuzoesha kabla ya kuanza kupima. Kisha piga makundi matano ya risasi tano, uchukue wastani. Kundi moja zuri halithibitishi kitu.

Pwani_Lindi
Naunga mkono, na naongeza muda wa kupima. Nenda asubuhi mapema kwenye uwanja unaoruhusiwa, kabla upepo haujachangamka. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaihamisha .22 kama sentimita 2 na nusu kwa mita 50. Ukipima saa nane mchana utalaumu mtutu kwa kosa la upepo.

Mfuko wa kuegemeza shona kwa mguu wa suruali ya jinzi, ujaze mchanga wa mtoni uliokauka na kuchekechwa. Wa ufukweni usitumie: una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na chuma kitakachougusa kitaota kutu. Egemeza chini ya ubao wa mbele. Usiegemeze mtutu wenyewe hata kidogo.

Darubini_Mtwara
Hiyo darubini ya bunduki kubwa nayo ina lake. Nyingi za aina hiyo zimepangwa kiwandani kwa yadi 100, yaani mita 91. Ukilenga mita 50, jicho likihama kutoka katikati, alama ya msalaba nayo inahama juu ya shabaha. Kwa lenzi ya mbele ya milimita 40 kosa linaweza kufika milimita 9 kila upande. Kuhakikisha ni rahisi: bunduki iwe tupu, iegemeze kwenye mifuko bila kuishika, angalia ndani na usogeze kichwa juu, chini, kushoto, kulia. Msalaba ukitembea juu ya shabaha, umeshaona. Kama huna nyingine, shavu likae mahali pale pale kila risasi, na uhakikishe picha ndani ni duara kamili isiyo na kivuli pembeni.

Angalia pia vishikio vinavyobana darubini kwenye bunduki. BRNO ina reli ya milimita 11 iliyokatwa kwenye chuma chenyewe. Vishikio vya reli pana zaidi vinaweza kuonekana vimekaza huku vinateleza kidogo kidogo. Chora mstari wa penseli pale kishikio kinapokutana na reli, piga 20, uangalie kama mstari umeachana.

Mkorosho_Nachingwea
Ahsanteni sana wakuu. Vishikio havijasogea. Nimepitisha noti ya pesa kati ya mtutu na ubao: upande wa kulia inapita, upande wa kushoto inakwama sentimita 8 hivi kutoka ncha ya ubao. Na kuna skrubu ya tatu mbele, inayoshika mtutu. Hiyo ni kazi yake?

Fundi_Masasi
Hapo ndipo "kulia" yako ilipo. Ubao umekunywa unyevu, umevimba kushoto, unausukuma mtutu kulia. Mtutu ukipata joto msukumo unabadilika, ndiyo maana hata kundi moja linatawanyika.

Hakikisha chemba (tundu la kuwekea risasi) ni tupu, toa boliti, ndipo ushike skrubu. Tumia bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu, la sivyo utauchana. Ile ya mbele inayoshika mtutu ilegeze kabisa kwa ajili ya jaribio. Zile zinazoshika mwili wa bunduki zikaze zote kwa nguvu sawa, karibu Nm 2 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ubao usio na vikombe vya chuma kwenye matundu ya skrubu ukiukaza zaidi ya hapo unabonyea, na kesho skrubu imelegea tena. Wengi husema "nimekaza sana" wakidhani ni sifa, kumbe wanaponda mbao.

Kama huna spana ya kupimia, laza bunduki ubavu ili skrubu ielekee pembeni. Chukua bisibisi yenye shina la pembe sita, ishike kwa spana iliyo mlalo, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja sentimita 20 kutoka katikati ya skrubu. Kilo moja kwa sentimita 20 ni Nm 2, pungufu kidogo tu. Spana ikiacha kushuka, umefika.

Piga tena. Ikirudi kwenye 30 au chini, huna haja ya kugusa mbao mwezi huu.

Newala_Juu
Naomba nitofautiane kidogo. Mtutu mwembamba wa .22 hauwi bora siku zote ukiwa huru kabisa. Mingine inatulia ikipata egemeo dogo karibu na ncha ya ubao. Baada ya jaribio la mtutu huru, kata vipande viwili vya kadi ngumu, viweke chini ya mtutu sentimita 2 kutoka ncha, kimoja kila upande kwa usawa, upige makundi matano mengine. Linganisha wastani. Gharama ni kadi tu, na unaitoa ukitaka.

Fundi_Masasi
Kweli kabisa, mkuu. Kadi kwanza, msasa baadaye.

Na ukifika kwenye msasa, subiri ubao ukauke. Uweke ndani ya chumba chenye hewa wiki mbili hivi, usiuanike juani wala kuukaribisha jikoni, utapasuka. Ukipunguza ubao uliovimba, kiangazi utasinyaa na kukuachia pengo kubwa bila sababu. Zungushia msasa namba 120 kwenye kipande cha bomba chenye unene wa mtutu, sugua pale tu noti ilipokwama, jaribu noti kila baada ya misuguo kumi. Epoksi nayo iache mpaka Juni au Julai, haishiki vizuri kwenye mbao yenye maji.

Pwani_Lindi
Wakati ubao unakauka, safisha chemba. Risasi za .22 huacha pete ngumu ya masizi pale ganda linapoishia. Dalili yake: risasi inaingia laini, kisha inakaza mwishoni. Brashi ya shaba yenye kiyeyusho, iache dakika kumi, kisha vitambaa vya fulana kuukuu. Ingiza ufito kutokea nyuma, kwenye boliti, usiusugue kwenye mdomo wa mtutu. Mdomo ukikwaruzwa, gesi inatoka kwa upande mmoja na kuipindua risasi wakati inaachana na chuma. Upitishie pamba ya masikio kutoka ndani kwenda nje. Ikinasa nyuzi, pana kijiti cha chuma, na hiyo ni kazi ya fundi bunduki mwenye kibali.

Mkorosho_Nachingwea
Na triga?

Fundi_Masasi
Usiiguse kwa tupa. Sehemu inayoshikilia pini ikipoteza pembe yake, bunduki inaweza kufyatuka kwa kugongwa tu. Pima kwanza: bunduki ikiwa tupu, weka ganda lililokwisha tumika kwenye chemba ili pini isigonge ukingo wa chemba, elekeza mtutu juu, ning'iniza kwenye triga chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ikifyatuka, una kilo 1.5 au chini, na hiyo haikuzuii kupata milimita 25. Isipofyatuka, safisha masizi na mafuta yaliyoganda, weka tone moja la mafuta ya cherehani, upime tena. Ikigoma bado, mpelekee fundi akuangalizie springi.

Newala_Juu
Mbao ikishakauka na kukaa sawa, pakaa vanishi hata ndani ya mfereji wa mtutu na kwenye matundu ya skrubu, mikono mitatu myembamba. Nje watu hupakaa vizuri. Ndani huacha wazi, na unyevu wa mvua zijazo unaingilia humo humo.