Lida imekatika mara tatu Shangani, nitumie mshipi gani kutupa jigi kutoka ufukweni?

Kijana_Shangani
Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana hii kitu inaniumiza. Kaka yangu anaishi Kanada, kule British Columbia, alipokuja likizo akaniachia fimbo na rili aliyokuwa anavulia samoni, kule wanasimama ufukweni wanatupa jigi (chambo bandia kizito kinachozama) za gramu 20 mpaka 30 wakati samoni wanapita karibu na pwani kurudi mitoni kuzaa. Rili ina breidi, yaani mshipi wa kusukwa, ya nguvu ya paundi 20, na lida, kile kipande cha mbele kati ya breidi na jigi, ni florokaboni (aina ya mshipi wa plastiki) ya paundi 12. Nimeenda nayo kwenye mawe ya Shangani alfajiri tatu maji yakijaa, zote tatu samaki kashika na zote tatu nimerudi bila jigi. Madukani hapa Mtwara jigi sizioni na nimebakiwa na mbili tu. Sasa niongeze lida ifike paundi ngapi, au breidi ndo nyembamba? Na nikiweka waya samaki si watauona?

Mzee_wa_Bamvua
Pole mwanangu. Kabla hujanunua chochote niambie, vile vipande vya lida vilivyobaki kwenye fimbo bado unavyo? Pitisha mwisho wake kwenye ukucha uniambie ukoje.

Kijana_Shangani
Shikamoo mzee wangu. Ninavyo vyote. Viwili vimekatika safi kabisa kama wembe umepita, cha tatu kimechakaa, yaani kina manyoya manyoya kama robo mita hivi alafu ndo kikakatika.

Mzee_wa_Bamvua
Marahaba. Basi jibu unalo mkononi. Palipokatika safi ni meno, hapo umeshikwa na nguru au mzia, na samaki hao hata ukiweka paundi 40 wanakata, ukubwa wa paundi haumzuii mwenye meno ya kisu. Penye manyoya ni jiwe, samaki kakimbilia chini mshipi ukasugua matumbawe au chaza, hapo ndo unene wa lida unasaidia. Ungeona mwisho umejikunja kama mkia wa nguruwe ningekwambia ni fundo limeteleza. Wavuvi wetu wakirambaza nguru, yaani kukokota ndoana nyuma ya mtumbwi, hawatoki bila waya mbele ya ndoana, na nguru wanawapata, kwa hiyo hiyo hofu ya kuonekana iweke pembeni.

Mtupaji_Lindi
Naongezea alipoishia mzee, mimi natupa jigi huku Lindi mwaka wa nne sasa na makosa hayo hayo nimeyapitia. Mdogo wangu, lida ya kaka yako haina kosa, imetengenezwa kwa samaki mwingine. Samoni wa pinki wengi ni kilo mbili hivi, meno anayo ila si ya kukata, na maji ya kule yakiwa angavu wanatumia lida nyembamba asishtuke. Sisi hapa tuna kolekole, akishika tu anakimbilia mwambani, kwa hiyo lida ya paundi 12, ambayo ni kilo tano na nusu tu, ikigusa jiwe imekwisha.

Mimi naweka breidi ya paundi 30 na lida ya paundi 40, urefu pima moja, ukisimama kwenye mawe marefu ongeza iwe pima moja na nusu. Breidi haivutiki ndo maana unasikia samaki akigusa tu hata jigi ikiwa mbali, ila jiwe likiigusa haina ubishi, ndo kazi ya lida kukaa hapo katikati. Florokaboni inavumilia msuguano vizuri ila bei yake wote tunaijua, nailoni nene ya dukani nayo inafanya kazi, cha muhimu ipapase kila baada ya samaki, ukisikia mkwaruzo kata ufunge upya, usiionee huruma.

Waya weka ila mfupi, shibiri moja inatosha. Mzee hapo tutofautiane kidogo, kwenye kurambaza waya mrefu ni sawa kwa sababu mtumbwi ndo unavuta, jigi inatakiwa icheze yenyewe ikizama na waya mrefu unaikakamaza. Na siku wanashika kolekole tu mimi waya natoa kabisa.

Mzee_wa_Bamvua
Shibiri moja nakubali, ila nguru mkubwa akimeza jigi yote waya huo utakuwa haufiki. Mimi ningeweka mbili.

Kijana_Shangani
Asanteni sana wakubwa zangu, nimeelewa. Breidi ya paundi 20 niitupe? Pesa ya kununua vyote kwa mara moja sina. Na fundo nimefunga la kawaida, linagonga pete za fimbo kila nikitupa.

Mtupaji_Lindi
Usitupe, paundi 20 ni kilo tisa, kolekole wa kawaida unamtoa. Anza na lida na waya, breidi itafuata. Ila breki ya rili isizidi theluthi ya nguvu ya mshipi, kwako kilo tatu, funga mwisho wa mshipi kwenye mizani ya ndoano ile ya sokoni uvute mpaka rili ianze kutoa. Fundo jifunze la FG, breidi inazungushwa juu ya lida kushoto kulia mara 20 hivi mpaka ibane, lida yenyewe haikunjwi ndo maana inapita kwenye pete bila kugonga. Lifanyie mazoezi nyumbani, na ukilifunga lilowanishe uvute kwa nguvu zote kabla hujalitegemea.

Na kitu kimoja, ile siku lida ilipochanika jiweni, breidi ya juu yake nayo ilipita pale pale. Kata pima mbili za mwanzo kabla ya kufunga lida mpya.

Kijana_Shangani
Nimeipapasa sasa hivi, kweli ina mikwaruzo. Nakata.