Mjadala: Asiyeamini Akhera anaweza kuwa mtu mwema?

Wakuu, mjadala wa dini ukianza tu, hoja hii haikosi: asiyeamini Pepo wala Moto hana cha kumzuia, kwa hiyo hafai kukabidhiwa mali wala mtoto. Mimi ni Muislamu, Siku ya Hesabu naiamini kabisa, na hoja hiyo naipinga.

Angalieni Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 polisi wa Kenya walifukua makaburi katika msitu huo wa Kilifi, na miili ikapita 400, wakiwemo watoto wengi. Waendesha mashtaka wanasema waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakakutane na Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana. Marehemu wale hawakuwa na upungufu wa imani ya Akhera. Walichokosa ni mtu wa kusimama na kusema: mtoto analia njaa, mpeni uji kwanza.

Hicho ndicho wanachosema wahumanisti, wale wanaoamini kwamba wema na ubaya upimwe kwa yale yanayompata binadamu hapa hapa duniani. Tunawacheka kwamba wameiga Wazungu. Lakini John Mbiti, msomi wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, aliandika kwamba katika jamii nyingi za Kiafrika maisha baada ya kufa hayakuwa na pepo wala jehanamu. Mtenda maovu aliadhibiwa angali hai. Mababu hao walilea yatima na kumpa mgeni chakula cha mwisho nyumbani. Nani atathubutu kusema hawakuwa na utu?

Hata hivyo, wanaodai kwamba imani ya Akhera huzaa woga tu nao wanakosea. Mtume alifundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Mtaani kwetu kuna kisima alichochimbisha mama mmoja kabla hajafariki. Alfajiri ndoo zinapangwa foleni, na anayechota haulizwi dini yake. Mama yule alikuwa anawaza kaburi lake, na watu wanakunywa maji.

Wahumanisti hawajaniridhisha kwenye suala la haki kwa waliokwisha kufa. Mtumwa aliyefia njiani akipelekwa Bagamoyo karne ya 19 hakuwa na mahakama, na aliyemfunga minyororo alikufa tajiri kitandani kwake. Mimi nasema kesi yao bado ipo mbele ya Mungu. Wao hunijibu kwamba wajibu wetu ni kuhakikisha hakuna mwingine atakayefungwa vile. Ni kazi njema na naiunga mkono, lakini yule mtumwa mwenyewe hapati kitu. Mwenye jibu la hilo bila kutaja Akhera, alete hoja tumsikilize.